Msichana Asiyekuwepo Darasani Siku ya Chanjo

Maelezo yaliyotolewa kwenye kikao cha maandalizi ya chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, shuleni, mbele ya walimu wakuu, maafisa elimu kata, watendaji wa kata na watoa chanjo.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maafisa elimu kata, watendaji, walimu wakuu, waganga wafawidhi, nanyi watoa chanjo ambao ndio mtakaoshika sindano: habari za asubuhi.

Vikao vya namna hii vikifunguliwa, swali la kwanza huwa ni la wazazi wanaokataa. Tutalifikia. Tunaomba kwanza tusome pamoja namba za Mwanza, kwa sababu zinatuonyesha mahali ambapo hatuangalii.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika shule za msingi 134. Nusu ya shule zilichanja wasichana wote wa darasa la sita. Nusu nyingine zilichanja wasichana wote waliozaliwa mwaka 1998, wawe darasa lolote. Wakati huo dozi zilikuwa tatu. Dozi ya kwanza iliwafikia asilimia 84.7 ya walengwa, ya tatu ikawafikia asilimia 76.1. Sasa sikilizeni sababu za waliokosa. Ambao wazazi walikataa walikuwa asilimia 6.7. Ambao hawakuwepo shuleni siku hiyo walikuwa asilimia 6.3. Karibu sawa kwa sawa! Na utoro wa kawaida katika shule hizo, kabla chanjo haijafika kabisa, ulikuwa kati ya asilimia 8.1 na 23.7.

Kwa mzazi anayekataa tunaitisha mkutano, tunawaalika sheikh na mchungaji, tunalipia kipindi redioni. Kwa msichana aliyeachwa nyumbani amlee mdogo wake kwa sababu mama yuko mnadani, tunafanya nini? Mara nyingi tunafunga kibeba chanjo, tunapanda pikipiki, tunaondoka. Huyu hakukataa wala mzazi wake hakukataa, ila hakuna aliyerudi kumfuata. Sehemu kubwa ya maelezo yetu leo inamhusu yeye.

Kuhusu ugonjwa wenyewe hatutakaa sana, mnaujua. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, na aina mbili tu, 16 na 18, ndizo zinazohusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa duniani. Kwa makadirio ya kimataifa, Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka na kupoteza wanawake zaidi ya 6,000. Virusi huchukua miaka mingi kugeuza chembe za mlango wa kizazi kuwa saratani, ndiyo maana tunachanja mtoto ili kumlinda mama wa miaka 40.

Na inalinda kweli. Nchini Sweden walifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6, wakakuta kwamba waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walipata saratani hii kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 88 wakilinganishwa na wasiochanjwa. Uingereza, kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, upungufu ulikuwa asilimia 87.

Tanzania ilianza na majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, kisha Aprili 2018 chanjo ikaenda nchi nzima, ikilenga wasichana wa miaka 14, dozi mbili zilizopishana miezi sita. Umri ule ulichaguliwa kwa sababu chanjo ilikuwa adimu duniani, na aliyekwisha kuwa na miaka 14 alikuwa anakaribia kutoka kwenye dirisha la umri. Uamuzi ulikuwa na mantiki yake, lakini shuleni ulikuwa mateso. Msichana wa miaka 14 unampata wapi? Mmoja yuko darasa la sita kwa sababu alichelewa kuanza, mwingine la saba, wa tatu kidato cha kwanza, wa nne kidato cha pili shule ya kata nyingine, na wa tano alimaliza la saba, hakuchaguliwa, yuko mjini anafanya kazi za ndani. Halafu huyo huyo ulitakiwa umpate tena baada ya miezi sita, akiwa pengine ameshahama shule. Wenzetu wa Kenya walizindua chanjo Mombasa Oktoba 2019, nao kwa dozi mbili. Hesabuni miezi sita: dozi ya pili ikaangukia Aprili 2020, shule zote zikiwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO. Ratiba ya dozi mbili inahitaji bahati ambayo shule zetu hazina.

Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wapo mnaosikia wazazi wakiuliza, na baadhi ya walimu pia, kama hii ni kubana matumizi. Hapana. Ushahidi mwingine umetoka hapa hapa kwetu. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawiwa dozi moja, mbili au tatu, na baada ya miaka miwili zaidi ya asilimia 98 ya waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina ya 16. Kenya, wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 wa Kisumu, Thika na Nairobi walifuatiliwa kwa miezi 18, na dozi moja ikazuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake mwaka 2022. Mzazi akiuliza, mjibuni kwa kujiamini.

Sasa tuje kwenye orodha, maana kazi nzima inasimama au kuanguka hapo.

Walimu wakuu, tunaomba orodha ya wasichana wiki mbili kabla ya siku ya chanjo. Isitoke kwenye daftari la mahudhurio. Itoke kwenye rejista ya uandikishaji, kwa sababu daftari la mahudhurio lina tabia ya kumsahau mtoto aliyepotea muda mrefu, na huyo ndiye hasa tunayemtafuta. Kila mstari uwe na majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, darasa, kitongoji anachoishi, na namba ya simu ya mzazi au ya jirani. Kitongoji msikiache. Bila kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii atapewa jina la Neema John katika kata yenye akina Neema John kumi, atazunguka siku nzima, arudi mikono mitupu.

Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, tumieni tarehe iliyoandikwa wakati wa kuandikishwa. Isipokuwepo hiyo nayo, mwaka wa kuzaliwa unatosha kujua yuko ndani ya miaka 9 hadi 14 au la. Anayetakiwa ni aliyetimiza miaka 9 na hajatimiza 15 siku anayochanjwa. Msichana wa miaka 9 kwa kawaida yuko darasa la tatu au la nne, lakini msiishie hapo: wa miaka 11 aliyechelewa kuanza anaweza kuwa darasa la pili, na anakosa kila mwaka kwa sababu hakuna anayefikiria kumtafuta kwenye darasa la watoto wadogo. Piteni madarasa yote.

Angalieni pia tarehe yenyewe. Mtaalamu wa kalenda ya shule ni mwalimu mkuu, si mratibu wa chanjo. Siku ya mnada ikwepeni. Wiki ya upimaji wa darasa la nne ikwepeni, na ya mtihani wa la saba vilevile. Ijumaa mchana haifai. Jumatatu ina utoro wake. Na msimu wa kupalilia au kuvuna, kila mmoja anaujua wa kwake.

Hapa tuseme jambo ambalo linaumiza kidogo, kwa sababu linahusu ripoti zetu wenyewe. Chukueni shule yenye wasichana walengwa 120. Siku ya chanjo wamefika 104. Watatu wamekatazwa na wazazi, 101 wamechanjwa. Mtu akigawa 101 kwa 104, anapata asilimia 97, anaandika, anapongezwa. Akigawa kwa 120 anapata 84. Shule ni ile ile, siku ile ile, tofauti ni wasichana 16 waliotoweka kwenye hesabu kabla ya kutoweka kwenye huduma. Kwa hiyo kigawanyo ni idadi ya walioko kwenye rejista ya uandikishaji, pamoja na wale walioorodheshwa mitaani. Ripoti ya asilimia 84 yenye majina 19 nyuma yake ni bora mara nyingi kuliko ya 97 isiyo na jina hata moja. Na ripoti ikifika na asilimia zaidi ya 100, tusishangilie. Ina maana kigawanyo ni kibovu.

Siku moja kabla, watoa chanjo, hesabuni vifaa. Kichupa kimoja ni dozi moja ya mililita 0.5, kwa hiyo wasichana 120 ni vichupa 120 na akiba ya vichache, bomba za sindano zinazojifunga idadi hiyo hiyo, na masanduku mawili ya kutupia sindano, kwa kuwa sanduku la lita tano hujaa kwenye sindano 100 hivi. Vichupa vya dozi moja vinakula nafasi kubwa kuliko vile vya surua vya dozi kumi. Jaribuni kupanga jioni kama vinaenea kwenye kibeba, msije kugundua alfajiri kwamba mnahitaji cha pili.

Adui wa chanjo hii ni kuganda, kuliko hata joto. Inatunzwa nyuzijoto 2 hadi 8. Ikiganda, madini ya alumini yaliyomo hushikamana mabonge na nguvu inapotea, na kuyeyuka hakuirudishi. Kosa linalojirudia ni kuchukua pakiti za barafu moja kwa moja kutoka friza, zikiwa ngumu kama zilivyo, na kuzipanga pembeni ya vichupa. Zitoeni, ziacheni mezani, na kila baada ya muda chukueni moja mtikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, hapo ziko tayari. Msidanganyike na kiashiria cha joto kilicho kwenye lebo: kile kinaonyesha kama chanjo imepigwa na joto, hakionyeshi kama imeganda. Kichupa kinaweza kuwa kimeganda usiku kucha na kiashiria kikaonekana kizuri kabisa.

Ukishuku, fanya jaribio la kutikisa. Chukua kichupa kingine cha toleo lile lile, kigandishe makusudi, kiache kiyeyuke. Kitikise pamoja na unachokishuku, viweke mezani sambamba na uvitazame. Mashapo ya kile kilichogandishwa yatashuka haraka na kuacha maji maangavu juu. Kile cha pili kikishuka kwa kasi hiyo hiyo, kitenge na uandike taarifa. Usimpe mtoto.

Chumba cha chanjo sasa. Wasichana wa umri huu wanazimia, na mara nyingi si kwa sababu ya dawa, ni kwa sababu ya hofu, njaa na joto la foleni. Mmoja akianguka mbele ya wenzake, wa pili anamfuata, halafu wa tatu. Mwaka 2014 katika mji wa El Carmen de Bolívar, Kolombia, mamia ya wasichana walianza kuzimia na kufa ganzi, video zikasambaa, wazazi wakahaha. Uchunguzi haukukuta kosa kwenye chanjo, lakini uchanjaji nchini humo, uliokuwa juu ya asilimia 80, ukaporomoka vibaya. Nasi tunayo ya kwetu: Morogoro mwaka 2008, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni ulizua tafrani, wazazi wakakimbilia shuleni kuwachukua watoto, zoezi likasimamishwa. Baadhi ya watoto walikuwa wamemeza dawa bila kula. Tumbo tupu linaweza kuua programu nzima.

Kwa hiyo watoto wale kwanza. Shule yenye uji, uji utoke mapema siku hiyo. Isiyo nao, wazazi waambiwe jana yake mtoto asitoke nyumbani bila kula. Chumba kiwe na milango miwili kama inawezekana, waingie huku watoke kule, na foleni isione sindano. Waingie watano watano. Anayechanjwa akae kwenye kiti, asisimame. Mkono wa kushoto, msuli wa juu wa bega, sindano iingie wima. Angalieni mikono ya sare: shati jembamba likikunjwa kwa nguvu hadi begani linakaba mkono kama kamba na mtoa chanjo anachoma chini ya mahali panapotakiwa. Afadhali afungue kifungo cha juu na kushusha shati begani, na ndiyo maana tunataka pazia au kanga ya kuzuia, na mtoa chanjo mwanamke pale anapopatikana. Msichana aliyevaa hijabu asilazimishwe kuivua mbele za watu. Akijua atadhalilika, kesho yake hatakuja.

Baada ya sindano akae dakika 15 penye kivuli, na mwalimu mmoja abaki nao. Akizimia, mlaze, inua miguu, waondoe wanaotazama. Aliyezimia kwa hofu huwa amepauka, mapigo ya moyo yako polepole, na akilazwa anazinduka muda si mrefu. Ukiona vipele vimetapakaa, midomo au uso umevimba, anakoroma kifuani au anapumua kwa shida, huo ni mzio mkali, na ni adrenalini ya msuli wa paja hapo hapo. Ni nadra sana, lakini adrenalini iwe mezani na dozi yake iwe imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Isiwe kwenye boksi la pikipiki nje. Maumivu ya mkono, homa kidogo na kichwa kuuma kwa siku moja au mbili ni maudhi madogo ya kawaida, waambieni kabla hawajaenda nyumbani, si baada ya mzazi kupiga simu.

Sasa wazazi. Swali kubwa ni ugumba. Chanjo hii haina virusi hai wala vilivyokufa. Ina protini iliyojipanga ikafanana na kirusi kwa nje, ganda la yai lisilo na kiini, kwa hiyo haina cha kuzaliana wala kuambukiza. Imekuwa ikitumika tangu 2006 na sasa iko kwenye ratiba za nchi zaidi ya 140. Tena mwambieni mzazi jambo ambalo husahaulika: tiba ya saratani hii mara nyingi ni kuondoa kizazi, au mionzi inayokiharibu. Anayeogopa binti yake kukosa mtoto ana sababu ya kumleta.

Swali la pili: mbona mapema hivi, miaka 9, mtamfundisha uhuni? Jibu ni kwamba chanjo huzuia, haitibu, hivyo lazima itangulie virusi kwa miaka, na mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hutengeneza kinga kali kuliko wa mtu mzima. Huhitaji kumfundisha chochote cha chumbani ili kumchanja, kama ambavyo hukumfundisha alipochanjwa pepopunda. La tatu, kwa nini wasichana tu? Kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ni yao, na msichana akichanjwa anapunguza virusi kwa wote.

Tunawasihi walimu: msibishane na mzazi mbele ya wengine. Andikeni jina, mpeni namba ya mganga mfawidhi, rudini kwake baada ya wiki. Wengi wanaosema hapana siku ya mkutano wanataka tu kuulizwa peke yao. Na barua ipelekwe mapema. Barua inayofika jana yake inaleta hofu kwa sababu inafanana na jambo la siri.

Kuna kundi moja linahitaji busara. Wasichana wanaoishi na VVU dozi moja haiwatoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau mbili, na tatu inapowezekana. Lakini shuleni hakuna anayeulizwa hali yake, kwa njia yoyote, hata kwa kunong'ona. Wote wapate dozi ile moja, na dozi za nyongeza zipangwe kimya kimya na kliniki ya tiba na matunzo anakohudhuria.

Walio nje ya shule ni kazi ya watendaji na wahudumu wa jamii. Rwanda ilianza chanjo hii mwaka 2011 ikafika asilimia 93 kwa dozi tatu. Walichanja shuleni, na wahudumu wa jamii wakawafuata nyumbani waliokosa na wasiosoma. Kwetu wenyeviti wa vitongoji wanajua nyumba yenye binti wa kazi, kambi ya dagaa yenye watoto, familia ya wafugaji iliyohamia juzi. Mtoa chanjo hajui, na hatajua kama hajaambiwa. Binti wa kazi anahitaji kuombewa ruhusa kwa mwajiri, na ni rahisi zaidi ikiwa mjumbe anayefahamika ndiye anayebisha hodi.

Mwisho wa siku shuleni, kabla kibeba hakijafungwa, mwalimu wa afya na mtoa chanjo wakae dakika 20 na orodha mbili, walioandikishwa na waliochanjwa. Tofauti yake inaandikwa upya kwenye fomu ya ufuatiliaji, nakala moja shuleni, nyingine kituoni. Kila jina lipewe sababu: hakuwepo, mzazi amekataa, alikuwa anaumwa, amehama. Siku ya kuwarudia ipangwe hapo hapo, ndani ya wiki mbili, na iwe siku tofauti ya juma, maana anayekosa Jumanne kwa sababu ya mnada atakosa na Jumanne ijayo. Aliyehama, simu ipigwe shule aliyohamia. Waliosalia baada ya hapo wapelekewe wahudumu wa jamii, na kituo kiwachanje siku yoyote watakayofika, hata akija mmoja. Msimwambie arudi siku ya kliniki. Kichupa ni cha dozi moja, hakuna kinachomwagwa.

Kadi ya kila aliyechanjwa iwe na tarehe na namba ya toleo, na daftari la shule liwe na kumbukumbu hizo hizo, kwa sababu kadi za watoto wa umri huu hupotea.

Jina litoke kwenye fomu ya ufuatiliaji kwa sababu nne tu: amechanjwa na tarehe imeandikwa, shule aliyohamia imethibitisha kumpokea, ametimiza miaka 15, au amefariki. Mzazi aliyekataa si mojawapo. Jina la binti yake linabaki hadi mwaka ujao. Fomu ziko kwa mratibu pale mlangoni, kila shule ichukue mbili, na wenye shule za zaidi ya wasichana 200 wachukue nne.